Shajara ya makadirio: warushaji wa Houston Astros, kutoka 2013 kuingia 2014

Jumamosi, 1 Novemba

Leo nimefungua faili. Kazi ni hii: nijiweke mwezi Machi 2014, msimu haujaanza, mkononi nina takwimu za hadi mwisho wa 2013 na si zaidi, halafu nikadirie kila mrushaji wa Houston Astros atafanya nini. Nikimaliza ndipo nifungue takwimu za 2014 zilizokwishatokea, nione nimepatia wapi na nimekosea wapi.

Sijaichagua timu hii kwa kubahatisha. Katika besiboli ya Marekani sijui mfano mkali zaidi wa timu iliyobomolewa makusudi ili isimamishwe upya. Mwaka 2011 walifungwa mechi 106. Mwaka 2012 wakafungwa 107. Mwaka 2013 wakafungwa 111 kati ya 162, na zile 15 za mwisho walifungwa zote mfululizo. Jeff Luhnow, aliyekabidhiwa umeneja mkuu Desemba 2011, aliwatoa wachezaji wenye majina mmoja baada ya mwingine akachukua vijana. Bud Norris, mrushaji waliyekuwa wanamtegemea, alipelekwa Baltimore Julai 2013, na mmoja wa vijana waliokuja badala yake aliitwa Josh Hader. Huyo naye walimtoa Milwaukee mwaka 2015 kabla hajawatupia mpira hata mmoja kwenye ligi kuu, kisha wakamrudisha 2024 akiwa ameshakuwa jina kubwa.

Sababu nyingine ni Mjomba. Alihamia Houston mwaka 1998, msimu ule ambao Randy Johnson aliletwa mwishoni mwa Julai akashinda mechi 10 na kupoteza 1, kwa ERA (wastani wa mikimbio, nitaieleza hapa chini) ya 1.28. Mtu akianza kuupenda mchezo kwa kumtazama Johnson, hawezi kuuacha tena. Nilipohamia kwake ndiye aliyenifundisha kuhesabu mipira na straiki. Wiki iliyopita nilikuwa namweleza jinsi hesabu zinavyoweza kumkadiria mrushaji. Aliniacha nimalize, akaweka kikombe chini, akauliza: "Mpwa wangu, hizo hesabu zingemwona Keuchel?"

Alimaanisha Dallas Keuchel, mrushaji wa Astros ambaye 2013 alionekana dhaifu, kisha akang'ara. Nilikaa kimya. Jibu sikuwa nalo, na nimelikosa wiki nzima.

Ili tuelewane kuhusu maneno: mrushaji ndiye anayemtupia mpigaji mpira. Akimtoa kwa straiki tatu, hiyo ni straikauti. Akitupa mipira minne mibaya, mpigaji anatembea hadi besi ya kwanza bila jasho. Nitaiita besi ya bure. Mpira ukipigwa ukavuka ukuta ni homurani. Mkimbio ni pointi, mchezaji akizunguka besi zote hadi nyumbani, na iningi ni kipindi cha mchezo, mechi ina 9. ERA ni wastani wa mikimbio anayobebeshwa mrushaji kwa kila iningi 9, ukiondoa ile iliyotokana na makosa ya walinzi. Ikiwa ndogo ni nzuri. Ikipita 5, mrushaji yuko mashakani.

Jumapili, 2 Novemba

Nimeingiza takwimu za warushaji 14 kwa mkono, na jioni nzima imeliwa na nukta moja.

Nilipoiambia programu ihesabu upya ERA ya Dallas Keuchel ya 2013 kutokana na mikimbio yake 88, ilinipa 5.17. Rekodi inasema 5.15. Ya 2012 ilinipa 5.29 badala ya 5.27. Tofauti ni ndogo, lakini hesabu ya kugawa haina haki ya kukosea hata kidogo, kwa hiyo nikarudi mwanzo kutafuta.

Kosa lilikuwa kwenye iningi. Keuchel aliandikiwa iningi 153.2. Programu ilisoma mia moja hamsini na tatu na sehemu mbili za kumi. Kumbe katika besiboli ile tarakimu baada ya nukta si sehemu ya kumi: ni idadi ya wapigaji waliotolewa katika iningi isiyotimia, na iningi moja ina watatu. Kwa hiyo 153.2 ni 153 na theluthi mbili, na 85.1 ni 85 na theluthi moja. Nimebadilisha kila kitu kiwe idadi ya waliotolewa: 461 kwa 2013, 256 kwa 2012. Sasa 5.15 inatoka 5.15.

Yeyote atakayeanza kazi ya aina hii aanze na ukaguzi huu. Kwa mrushaji mwenye iningi 200 kosa hilo halionekani. Kwa Collin McHugh, aliyekuwa na iningi 21.1 tu mwaka 2012, linageuza 7.59 kuwa 7.68.

Jumamosi, 8 Novemba

Leo nimejenga makadirio ya kwanza. Nimefuata njia ya Tom Tango, mchambuzi wa takwimu za besiboli, ambayo yeye mwenyewe aliipa jina la tumbili, Marcel, akimaanisha kwamba hii ndiyo akili ya chini kabisa ambayo makadirio yanatakiwa kuwa nayo. Mwaka wa karibuni unapewa uzito 3, wa kabla yake 2, wa kabla ya huo 1. Unaongeza kiasi cha wastani wa ligi ili aliyetupa iningi chache avutwe zaidi kuelekea katikati. Mwisho unarekebisha kwa umri: aliye chini ya miaka 29 anapewa nafuu, aliyevuka anapunguziwa. Kwa iningi, nusu ya za mwaka jana, sehemu ya kumi ya za mwaka juzi, na 60 za kuanzia kama ni mrushaji wa kuanza mechi.

Swali gumu ni kiasi cha wastani wa ligi. Nilianza na uzito wa iningi 45. Keuchel akatoka na 5.01, na McHugh akatoka na 7.64, namba ambayo hakuna timu ingemvumilia nayo hadi Juni. Nikaongeza hadi 300: Keuchel 4.68, McHugh 5.33. Nimebaki na 300. Katika timu inayojengwa upya karibu kila mrushaji ana historia fupi, na historia fupi isiachiwe iseme kwa sauti kubwa.

Scott Feldman ndiye pekee niliyemkadiria bila wasiwasi. Alisajiliwa Desemba 2013 kwa dola milioni 30 za miaka mitatu, mtu mzima aliyekwishaonekana misimu mingi. Kikokotoo kimempa ERA ya 4.16 na iningi 163.

Jumanne, 11 Novemba

Nimegundua nilikuwa nimeweka wastani wa ligi wa 2014, yaani 3.74, badala ya wa 2013, ambao ni 3.87. Huko ni kuchungulia jibu kabla ya mtihani. Namba nilizoandika Jumamosi nimezihesabu upya kwa 3.87 na kuzisahihisha hapo juu. Sasa faili la 2014 nimelihamishia kwenye folda nyingine, na programu haina njia ya kulifikia mpaka niseme.

Jumamosi, 15 Novemba

Siku ya Cosart. Kwa mimi huyu ndiye anayeeleza kazi nzima.

Jarred Cosart alipandishwa kutoka ligi za chini katikati ya msimu wa 2013, akaanza mechi 10, akatupa iningi 60 kamili. ERA yake ilikuwa 1.95. Katika timu iliyofungwa mechi 111, kijana wa miaka 23 mwenye 1.95 ni kama kisima kimefumuka jangwani. Kikokotoo changu, hata baada ya kumvuta kuelekea wastani, kimempa 3.06 kwa 2014.

Tazama sasa namba zilizo chini ya ERA hiyo. Katika iningi hizo 60 alitoa wapigaji 33 kwa straikauti, na akagawa besi za bure 35. Besi alizogawa ni nyingi kuliko straikauti alizokusanya. Mrushaji wa namna hiyo anaishi kwa mipira inayopigwa na kuwafikia walinzi mikononi, na mwaka 2001 mchambuzi Voros McCracken alionyesha kwamba mpira ukishapigwa ukabaki ndani ya uwanja, mrushaji ana mamlaka madogo mno juu ya utakapoangukia. Alicho nacho mkononi hasa ni vitu vitatu: straikauti, besi za bure, na homurani.

Kipimo kinachoitwa FIP kinatumia hivyo tu. Homurani mara 13, besi za bure mara 3, toa straikauti mara 2, gawa kwa iningi, ongeza takriban 3.05 ili kiwe kwenye kipimo cha ERA. Cosart alitoa homurani 3. Basi 39 jumlisha 105 toa 66 ni 78. Gawa kwa 60 ni 1.30, FIP yake ni 4.35. Mtu mmoja, msimu uleule, 1.95 upande huu na 4.35 upande wa pili.

Brett Oberholtzer alikuwa na hadithi inayofanana naye, ila ya upole. ERA 2.76 kwa iningi 71 na theluthi mbili, straikauti 45, besi za bure 13. Huyu alikuwa na adabu na mpira, hagawi bure, lakini straikauti zake ni chache na mlango wa bahati uko wazi pande zote.

Kwa hiyo nimevunja kikokotoo nikakijenga upya. Hakikadirii tena ERA. Kinakadiria straikauti, besi za bure na homurani, kila kimoja peke yake, halafu kinaviunganisha mwishoni. Cosart amepanda kutoka 3.06 hadi 3.87. Oberholtzer kutoka 3.31 hadi karibu 3.6. Na Keuchel ameshuka, kutoka 4.68 hadi karibu 4.2.

Nimeikodolea macho namba hiyo ya Keuchel kwa muda mrefu.

Jumapili, 16 Novemba

Keuchel peke yake leo.

2012: iningi 85 na theluthi moja, straikauti 38, besi za bure 39. 2013: iningi 153 na theluthi mbili, straikauti 123, besi za bure 52. Kwa kila iningi 9, straikauti zilipanda kutoka 4.0 hadi 7.2. ERA yake karibu haikusogea, 5.27 hadi 5.15, na aliyetazama ERA peke yake alimwona mtu yuleyule wa mwaka jana. Aliyetazama straikauti alimwona mtu mpya. Mwaka huo slaida yake, mpira unaokwenda kasi kisha ukakata pembeni, ndiyo ilianza kuchukua nafasi ya mpira wake wa kupinda, na wapigaji wakaanza kuikosa.

Straikauti ndiyo takwimu inayotulia mapema kuliko karibu zote za mrushaji. Mtu hapandi kutoka 4.0 hadi 7.2 kwa bahati. Basi habari ilikuwepo, mezani, Machi 2014, ikiwa imefunikwa na 5.15.

Na kwa nini 5.15 iliganda pale? Nina wazo, lakini nataka kumsikia Mjomba.

Alhamisi, 27 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Baada ya kula, nikiwa nimeshaamkia shikamoo kwa kila mtu mzima mezani, nilifungua kompyuta nikamwonyesha Mjomba namba za Keuchel. Alizisoma taratibu, kidole kikifuata mstari.

Halafu akaenda chumbani akarudi na mpira wa zamani, ngozi yake imegeuka rangi ya chai. Akaweka kidole cha shahada na cha kati juu ya mishono miwili pale inapokaribiana, vidole vikilala sambamba na uzi mwekundu, gumba chini. "Hii ndiyo sinka," akasema. "Yule kijana hakuwa na kasi. Alikuwa anaitupa hivi, inafika magotini, inazama. Mpigaji anaigonga upande wake wa juu, inaviringika chini. Sasa nikuulize: ikiviringika chini, inahitaji nani?"

"Walinzi wa ndani, Mjomba."

"Haya. Mwaka 2013 walinzi walikuwa nani?"

Alikuwa akienda uwanjani mwaka ule kwa sababu tiketi zilikuwa rahisi na viti vilikuwa vitupu. Unasikia mpira ukigonga glovu kutoka safu ya nyuma kabisa. Alinieleza mpira mmoja anaoukumbuka, si wa ajabu: umeviringika polepole kati ya besi ya pili na ya tatu, mlinzi amechelewa hatua moja kuondoka, amenyoosha glovu, mpira umepita kando ya ncha ya vidole. Mkimbio umeingia. Kwenye ubao, kosa hakuna.

Hapo ndipo wazo langu lilipokaa sawa. ERA inamwondolea mrushaji mzigo wa makosa ya walinzi, lakini kosa linaandikwa pale tu mlinzi alipoufikia mpira akauharibu. Mlinzi asiyeufikia kabisa hana kosa lolote kwenye karatasi, na mkimbio wote unawekwa kichwani kwa mrushaji. Katika timu nzuri jambo hilo ni dogo. Katika timu iliyouza wakongwe wake ikapanga vijana na watu wa kujaza nafasi, mrushaji wa mipira ya chini ndiye anayelipa kuliko wote. Mwaka 2014 Astros ndio walioongoza ligi kwa kuwahamisha walinzi kutoka nafasi zao za kawaida kwenda pale ambapo kila mpigaji huelekeza mipira yake, na huyo mrushaji wa mipira ya chini akapata watu wa kuipokea.

Nilimwambia Mjomba: hesabu zingemwona nusu. Alitikisa kichwa kukubali akaomba chai.

Jumamosi, 29 Novemba

Nimefungua folda ya 2014.

Feldman: nilisema 4.16, akatoka na 3.74. Iningi nilisema 163, akatupa 180. Naridhika.

Oberholtzer: nilisema 3.6, akatoka na 4.39. ERA ya zamani ingesema 3.31, kwa hiyo kikokotoo kipya kilikosea kwa kiasi kidogo zaidi, lakini kilikosea.

Cosart: alikuwa na 4.41 hadi Astros walipomtoa Miami tarehe 31 Julai, wakapata Jake Marisnick, Colin Moran na Francis Martes. Kule Miami alitulia, akamaliza mwaka mzima na 3.69. Nilisema 3.87. Linalonivutia zaidi ni kwamba waliokuwa na dawati la hesabu pale Houston, akiwemo Sig Mejdal aliyewahi kufanya kazi NASA, walimtoa akiwa bado ana jina la 1.95.

Keuchel: nilisema 4.2 katika iningi 145. Alitupa iningi 200 kwa 2.93. Mwaka uliofuata akashinda mechi 20, nyumbani hakupoteza hata moja, na akapewa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora wa ligi.

McHugh: hapa sina cha kutetea. Alikuwa ameachwa na Colorado, Astros wakamwokota Desemba 2013. Katika ligi kuu alikuwa na iningi 47 na theluthi moja tu, za ERA ya 7.59 na ya 10.04. Nilisema 5.33. Aprili 2014, katika mechi yake ya kwanza kwao, kule Seattle, alitoa wapigaji 12 kwa straikauti. Akamaliza mwaka na 2.73, straikauti 157 katika iningi 154 na theluthi mbili.

Hakuna kikokotoo cha matokeo ambacho kingelifikia hilo, kwa sababu kilichowavuta Astros hakikuwa kwenye matokeo. Vifaa vya uwanjani vilikuwa vimepima jinsi mpira wake wa kupinda ulivyozunguka, na mzunguko ule ulikuwa wa daraja la juu. Wakamwambia aache sinka, atupe mpira wa kasi juu, na ule wa kupinda autupe mara nyingi zaidi. Mtu aliyekuwa nyuma ya namba za 2013 alikuwa anatupa mipira tofauti na mtu wa 2014. Mimi nilikadiria mtu ambaye hakuwepo tena.

Jumamosi, 6 Desemba

Mambo mawili ya kumaliza kwa upande wa waanzaji.

La kwanza, upana. Kuandika "4.2" peke yake kwa Keuchel ni kudai ujuzi nisio nao. Kwa iningi 145, 4.2 ni mikimbio kama 68. Mikimbio huja kwa makundi, iningi moja mbaya inaleta minne, kwa hiyo nimeongeza mtawanyiko mara mbili ya ule wa bahati ya kawaida. Inatoka mikimbio 12 juu au chini, yaani takriban 0.7 kwenye ERA. Hivyo makadirio yake sasa yanasomeka 3.5 hadi 4.9, theluthi mbili ya uwezekano. Hata hivyo 2.93 iko nje. Kwa McHugh upana unatakiwa kuwa mkubwa zaidi, kwa sababu kwake bahati ya msimu si shaka pekee. Kuna pia shaka ya kama namba zenyewe zinamhusu.

La pili, ushindi. Nilitaka kujua warushaji hawa walikuwa na thamani gani kwa timu nzima. Mwaka 2013 Astros walipata mikimbio 610 wakaruhusu 848. Kwa kanuni ya Bill James, mchambuzi wa takwimu za besiboli, unapandisha kila moja kwa kipeo cha pili, kisha unagawa ile ya kupata kwa jumla ya zote mbili, na inatoka sehemu ya mechi ambazo timu ilistahili kushinda. Timu hiyo ilistahili ushindi 55, ikapata 51. Mwaka 2014 walipata 629 wakaruhusu 723. Walistahili 70, wakapata 70 sawasawa. Upigaji uliongeza mikimbio 19 tu. Iliyozuiwa ni 125. Kwa kawaida mikimbio 10 ni kama ushindi mmoja, kwa hiyo takriban ushindi 12 wa nyongeza ulitoka kwenye mkono wa warushaji na miguu ya walinzi, na sehemu kubwa ya hao warushaji ni watu wawili ambao ERA ya mwaka uliotangulia ilisema waachwe.

Nimeongeza safu mpya kwenye lahajedwali, baada ya straikauti, besi za bure na homurani. Nimeiita "Kilichobadilika". Haina namba. Mbele ya Keuchel nimeandika: slaida, walinzi. Mbele ya McHugh: mpira wa kupinda, ameacha sinka. Mbele ya Feldman nimeacha wazi. Mbele ya Brad Peacock, aliyekuwa na 5.18 mwaka 2013 na 4.72 mwaka 2014, nayo iko wazi, ingawa najua kwamba mwaka 2017 alishinda 13 akapoteza 2.

Mark Appel, waliyemchagua wa kwanza kabisa mwaka 2013 awe ndiye nguzo, sikumweka. Hakuwahi kuwatupia hata iningi moja.

Wiki ijayo naanza warushaji wa akiba, wanaoingia mechi ikiwa inaendelea. Wa kwanza kwenye orodha ni Chad Qualls, aliyerudishwa Houston Desemba 2013. Mjomba amesema huyo nisimguse bila yeye kuwepo. Anamkumbuka tangu fainali ya 2005, alipoingia besi zote tatu zikiwa na watu, na mpira wake wa kwanza Paul Konerko akaupeleka kwa mashabiki. Atakuja Jumapili baada ya kanisa, na ule mpira wa rangi ya chai.